Kijani Hiki na Kijani Kile: Miaka 130 ya Kubadilisha Ardhi Usambara Mashariki

Ukitoka Muheza, mkoani Tanga, asubuhi kuelekea Amani, tambarare ya michungwa na mkonge inabaki nyuma, na baada ya Kisiwani barabara inaanza kujikunjakunja mlimani. Mto Sigi unausikia kabla ya kuuona. Hewa inapoa, shati lililolowa jasho linakuwa la baridi mgongoni, na dirishani kote ni kijani. Mgeni anashusha pumzi na kusema moyoni: kumbe msitu bado upo.

Nami mara ya kwanza niliona hivyohivyo. Ilinichukua siku kadhaa za kutembea kwa miguu kugundua kwamba nilikuwa nimeona kijani cha aina tano, vyote nikaviita msitu. Kipo kijani cha chai, kilichochumwa hadi kikawa sawa juu kama kimepimwa kwa kamba. Kipo cha mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia chai hiyo. Kipo cha mashamba ya wanakijiji, ambako migomba, mikarafuu na midalasini imechanganyika, na pilipili manga inapanda mitini. Kipo cha miti mirefu ya asili ambayo chini yake pamefyekwa pakapandwa iliki. Na mwisho kabisa kipo cha msitu ambao haukufyekwa chini wala kukatwa juu, na hiki ndicho kichache.

Picha ya kutoka angani huona tofauti ya chai na msitu bila taabu. Msitu wenye iliki chini yake na msitu wenyewe, hapo picha hubabaika, kwa kuwa juu matawi ni yaleyale. Ukitegemea picha hiyo peke yake kupima bioanuwai ya mlima, yaani wingi wa aina za viumbe wake, unaweza kuandika ripoti nzuri yenye hekta nyingi za msitu wakati viumbe wa humo wanapungua mwaka hadi mwaka.

Makala hii inahusu kupungua huko. Ardhi ikibadilishwa matumizi kidogokidogo kwa zaidi ya miaka mia, viumbe wa eneo zima wanapatwa na nini? Wengi hudhani hasara hutokea siku msumeno unapolia. Usambara Mashariki imetufundisha kwamba sehemu kubwa ya hasara huja baadaye sana, wakati mwingine baada ya miongo mingi, kila mtu akiamini kwamba mambo yameshatulia.

Mlima unaokamua bahari

Usambara Mashariki ni moja kati ya safu 13 za Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Siri ya milima hii ni Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu unagonga mteremko, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Amani, iliyo kwenye kimo cha mita 900 hivi, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata nje ya masika na vuli ukungu hupita asubuhi na kuacha majani yakidondosha. Katika zama za barafu, sehemu kubwa ya Afrika ilipokuwa kavu na misitu ya bara ikisinyaa, bahari iliendelea kuilisha milima hii. Msitu ulidumu, na viumbe waliokuwa ndani yake wakapata muda mrefu ajabu wa kuwa wa aina yao peke yao.

Yupo chura mdogo wa jamii ya Nectophrynoides, rangi yake kama ya jani lililooza, ambaye hataki dimbwi la maji. Chura tunaowajua hutaga, mayai yanakuwa viluwiluwi, viluwiluwi wanaogelea. Huyu hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, kwenye majani makavu ya sakafu ya msitu. Wapo vinyonga wasiopatikana kwingine duniani. Yupo ndege mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, aliyepewa jina la R. E. Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani enzi za Waingereza. Nje ya Usambara Mashariki ndege huyo anajulikana sehemu moja tu, kaskazini mwa Msumbiji.

Halafu lipo ua ambalo mamilioni ya watu wanalo dirishani bila kujua kwao ni wapi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alituma kwao mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya urujuani. Wakauita Saintpaulia, na leo unauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani kote. Huku nyumbani unaota kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito. Mtu akikata mti mkubwa ulio juu ya mwamba, hata asiuguse mmea wenyewe, jua la saa sita litaufikia, mwamba utakauka, na ua litakufa msimu huohuo. Hakuna aliyelikata. Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio mwepesi: mkato na kifo viko karibu, na jicho linaweza kuviunganisha. Mifano inayofuata ina umbali mrefu zaidi kati ya kisa na matokeo.

Kahawa, chai, mbao, iliki

Si kweli kwamba mlima huu ulikuwa bila watu hadi Mzungu alipofika. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vya mtindo wa Kwale na mabaki ya ufuaji chuma vyenye umri wa karibu miaka 2,000. Moto ulipita, mashamba yalilimwa yakaachwa, msitu ukarudi. Kilichobadilika mwishoni mwa karne ya 19 ni ukubwa wa eneo lililofyekwa kwa mara moja, na kwamba halikuachwa lirudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya Kijerumani ilifungua shamba la kahawa Derema. Likumbuke jina hilo. Msitu ulivyokuwa mnene, walidhani udongo ni tajiri. Walikosea, na kosa lao lina somo la ekolojia ndani yake: katika misitu ya mvua nyingi kama hii utajiri mwingi umo katika viumbe hai wenyewe, katika majani yanayoanguka, yanayooza upesi na kunyonywa tena na mizizi kabla mvua haijauchukua. Ukiondoa miti umeondoa ghala. Kahawa ilistawi miaka michache, kisha ikadhoofika, na baada ya muda chai, isiyochukia udongo wenye tindikali, ikachukua nafasi.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, wakapanda mamia ya aina za miti kutoka kila pembe ya tropiki waone ipi itafaa. Baada ya uhuru ukaja wakati wa mbao. Katika miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa kutumia mitambo uliingia msituni kwa msaada wa Finland, hadi kelele za wanasayansi na wananchi zilipoufanya usimame mwishoni mwa miaka ya 1980. Finland hiyohiyo baadaye iligharimia uhifadhi wa misitu hiyo, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye hekta zipatazo 8,380.

Iliki ina hadithi yake. Ni zao la mkulima mdogo, lina bei nzuri, na linapenda kivuli. Mkulima anaacha miti mikubwa na kufyeka kila kitu chini yake: vichaka, mimea itambaayo, miche ya miti. Kwa miaka kadhaa anavuna vizuri. Kisha udongo unachoka, mavuno yanashuka, na mara nyingi shamba linageuzwa la mihogo au miwa. Lakini hata kabla ya hapo msitu huo una hali ya kuhuzunisha. Ni msitu wa wazee watupu. Miti ya juu inazeeka, inaanguka mmojammoja, na hakuna kijana wa kushika nafasi kwa sababu kila mche ulioota ulikwenda na panga.

Ndege asiyevuka uwazi

Tangu 1987 mwanasayansi William Newmark na wenzake wa Kitanzania wamekuwa wakitega nyavu nyembamba, karibu zisizoonekana, katika msitu mkubwa na katika vipande vya msitu vilivyobaki kati ya chai na mashamba. Ndege anayenaswa anapimwa, anavishwa pete yenye namba, anaachiwa. Akinaswa tena mwaka wa tatu au wa kumi, inajulikana kwamba bado yupo, na wapi. Kazi ya kuchosha, ya kurudia palepale. Faida yake ndiyo hiyo: mtafiti wa wiki mbili huona waliopo, wa miaka thelathini huona wanaoondoka.

Walichokiona kwanza si cha kushangaza. Vipande vidogo vina aina chache za ndege wa chini ya msitu, na kadiri kipande kinavyojitenga na msitu mkubwa ndivyo wanavyozidi kupungua. Kinachohitaji kufafanuliwa ni kwa nini umbali mdogo namna ile uwe kizuizi. Kipande cha msitu kinaweza kuwa mita mia chache tu kutoka msitu mkubwa. Ndege ana mabawa. Avuke.

Havuki. Ndege wa chini ya msitu ameishi vizazi visivyohesabika kwenye giza la kijani, mahali ambapo mwanga mkali maana yake ni kipanga. Jicho lake, mwendo wake, chakula chake, vyote ni vya kivulini. Ukimweka ukingoni mwa shamba la chai, kwake yeye uwazi ule ni bahari. Kwa hiyo ndege wa kipande kidogo wakipungua, kwa ajali ya kawaida tu ya ukame au ugonjwa, hakuna wa kuja kuongeza idadi. Katika msitu mkubwa kupungua huko kungezibwa na majirani. Hapa hakuna majirani.

Hebu tuongeze hesabu ya viota, kwa sababu ndiyo inayoeleza ucheleweshaji ninaousema. Timu hiyohiyo ilifuatilia viota vingi kwa miaka, na ikaona kwamba kwa aina karibu zote walizozichunguza, kiota kilichoko kwenye kipande kina nafasi ndogo zaidi ya kutoa kifaranga kuliko kile cha msitu mkubwa. Nyoka, kima na wanyama wengine walao mayai huzoea kingo. Sasa tuseme jozi ya ndege katika msitu mkubwa inafanikiwa kulea kifaranga mmoja kila mwaka wa pili, na ndani ya kipande inafanikiwa mara moja katika miaka mitano. Ndege wadogo wa misitu ya tropiki huishi muda mrefu kuliko tunavyodhani, baadhi yao miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo kipande kile kitaendelea kuwa na ndege. Utawasikia asubuhi. Mtalii atawapiga picha. Ila ni watu wazima wanaozeeka pasipo warithi.

Wanaekolojia wana neno la hali hii, nasi tunaweza kuliita deni la kutoweka. Msitu ulikatwa enzi za babu, viumbe walioondolewa papo hapo wakahesabiwa, na waliobaki wakaonekana kama wamenusurika. Wengine kati yao walikuwa tayari wamehukumiwa. Muda wao tu ulikuwa haujafika. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba kipande fulani cha msitu kina aina kadhaa wa kadhaa za ndege, swali langu la kwanza ni kipande hicho kimetengwa miaka mingapi.

Mti unaobaki bila watoto

Miti nayo ina deni, na lake ni refu zaidi kwa kuwa mti huishi muda mrefu kuliko ndege.

Leptonychia usambarensis ni mti wa kawaida tu kwa macho, hauna ubao wa kumtia mtu tamaa. Ni wa asili ya milima hii. Tunda lake likipasuka, mbegu zinaonekana zikiwa na kifuniko laini chenye mafuta, na ndege wadogo wa msituni huzifuata, humeza, kisha huzitema au kuzitoa mbali na mti mama. Umbali huo ndio uhai wa mche. Mbegu inayoanguka chini ya mama yake inaanguka pamoja na mamia ya ndugu zake, pale ambapo wadudu, ukungu wa magonjwa na panya wameshazoea kuja kula.

Norbert Cordeiro, mwanaekolojia wa Kitanzania, na Henry Howe walifuatilia mti huu katika msitu mkubwa na katika vipande vilivyotengwa miongo mingi iliyopita, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Katika vipande, wale ndege wabebaji walikuwa haba au hawapo kabisa. Mbegu nyingi zilibaki chini ya mama. Miche iliyoota mbali na mama ilikuwa michache mno ukilinganisha na ya msitu mkubwa. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wameshaonyesha, kwa kuchunguza aina nyingi za miti ya Usambara, kwamba ile inayotegemea wanyama kubeba mbegu zake ina vijana wachache ndani ya vipande, wakati inayosambazwa na upepo au kwa njia nyingine haikuathirika vivyo hivyo.

Tazama mnyororo ulivyo. Aliyefyeka miaka ya mwanzo ya karne iliyopita hakuugusa mti huu. Aliuacha upande wa pili wa mpaka. Uwazi alioufungua ukamzuia ndege. Ndege alipokosekana mbegu hazikubebwa. Na mti wenyewe, ambao ulikuwa umesimama siku ile, bado umesimama leo, una majani, unatoa maua. Ukipita hapo ukihesabu miti mikubwa utaandika kwamba upo.

Ndiyo maana nimejifunza kuingia kwenye kipande cha msitu nikiwa nimeinamisha kichwa. Juu ni historia. Habari ziko chini, usawa wa magoti: kuna miche ya aina gani, mingapi, na je, mti mkubwa ulio mbele yangu una hata mtoto mmoja aliyeota mbali na kivuli chake? Mara ya kwanza kufanya hivyo kwenye kipande kimoja kilichozungukwa na chai, nilihesabu miche kwa nusu saa katika eneo la ukubwa wa chumba. Iliyojaa ilikuwa ya mti mmoja, msizi, na msizi kwao si Usambara.

Mgeni na hondohondo

Msizi, Maesopsis eminii kwa wataalamu, kwao ni Kagera, Uganda na Kongo. Ulifikishwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ile miti mingine ya majaribio, na kwa miongo kadhaa ulikaa kimya. Baadaye ukapandwa kwa wingi katika maeneo yaliyokwishavunwa mbao, kwa nia njema: unakua haraka, una mbao. Uvunaji wa mitambo ukafungua matundu makubwa katika paa la msitu, na msizi hupenda mwanga kuliko kitu chochote.

Nani alizibeba mbegu? Hondohondo. Yule ndege mkubwa mwenye mdomo mzito, ambaye mabawa yake yakipiga juu ya miti unasikia kama mtu anapepeta nafaka kwenye ungo, anapenda sana matunda ya msizi. Na tofauti na wale ndege wadogo wa kivulini, hondohondo haogopi uwazi. Anaruka juu ya chai, juu ya kijiji, kutoka msitu mkubwa hadi kipande kidogo, akiziacha mbegu njiani.

Hapa ndipo mambo yanapofungamana, na ndipo maelezo mepesi ya kwamba msitu ukikatwa viumbe wanakufa yanaposhindwa kutosha. Mandhari iliyokatwakatwa haiwaumizi wote sawa. Inachagua. Inawaondoa wabebaji wadogo wa miti ya asili na kumbakiza mbebaji mkubwa wa mti mgeni. Kwa miaka mingi ya uchaguzi huo, msitu wa zamani unageuka kuwa mwingine ukiwa umesimama palepale, bila hekta moja kupungua kwenye ramani.

Sitaki kumfanya msizi shetani. Katika eneo lililofyekwa kabisa, kivuli chake ni bora kuliko jua kali, na chini yake miti ya asili inaweza kuota iwapo mbegu zinafika. Tatizo lipo katika hilo neno iwapo.

Hesabu inayodanganya

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi, nayo si ya kipuuzi: kwamba mashamba mseto ya vijiji yana ndege wengi, pengine aina nyingi kuliko kipande cha msitu, kwa hiyo mabadiliko ya ardhi yameongeza bioanuwai. Ukihesabu katika shamba moja la migomba na mikarafuu, inawezekana kabisa ni kweli. Wapo shore, njiwa, chozi wa maua ya bustani, shomoro, na wachache wa msituni waliokuja kula matunda.

Lakini fikiria maduka. Kijiji kimoja kina fundi baiskeli, kingine mfinyanzi, cha tatu msusi wa mikeka. Kila kijiji kina fundi mmoja tu. Sasa vijiji vyote vitatu vipate duka moja kubwa lenye bidhaa kumi zilezile, na mafundi wote wafunge. Ukihesabu kijiji kwa kijiji, bidhaa zimeongezeka. Ukihesabu wilaya nzima, umepoteza ufinyanzi, ususi na baiskeli, na umebaki na duka moja lililorudiwa mara tatu.

Ndivyo bioanuwai ya mandhari inavyopotea. Shore wa Muheza ndiye shore wa Morogoro, ndiye wa Nairobi. Kumwongeza Amani hakumwongezi duniani hata kidogo. Kumpoteza ndege, kinyonga au mmea ambao makazi yake yote ni milima miwili, huko ni kumpoteza moja kwa moja. Kwa hiyo idadi ya aina za viumbe mahali fulani, ikitajwa peke yake bila majina, haitoshi kutuambia kama mahali hapo panapona au panakufa.

Hata hivyo shamba mseto lina thamani yake kubwa, na ni vibaya kulidharau. Thamani hiyo iko katika njia. Ndege wa kivulini asiyeweza kuvuka mita mia za chai huenda akavuka mita hizohizo za migomba yenye miti mikubwa juu yake. Mkulima anayeacha mvule na mtambara shambani mwake amejenga daraja bila kulipwa na mtu. Ukiuliza bioanuwai ya kipande cha msitu itadumu muda gani, nusu ya jibu liko nje ya kipande, katika mashamba yanayokizunguka.

Taita, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wanaonyesha mambo yanavyokuwa yakisogea mbele zaidi. Msitu wa asili umebaki vipande juu ya vilele, vikiwemo Mbololo, Ngangao na Chawia, kati yake kukiwa na mahindi, nyumba, misonobari na mikaratusi. Kuna ndege wanaoishi vipande hivyo tu duniani kote, na mmoja wao, Apalis fuscigularis, ndege mdogo sana, yuko katika daraja la walio hatarini kabisa. Huwezi kumhamishia kilele kingine. Vilele vimekwisha. Joto la dunia nalo linapozidi kupanda, wenye kuhitaji ubaridi wanasukumwa juu, na Usambara Mashariki yenyewe kilele chake kirefu, Nilo, ni mita 1,500 na kidogo tu.

Derema, mara ya pili

Nilisema ulikumbuke jina. Msitu wa Derema uko katikati, kati ya kundi la misitu ya Amani kusini na misitu ya kaskazini. Kwa miongo mingi sehemu yake kubwa ilikuwa mashamba ya iliki chini ya miti. Wahifadhi walipoitazama ramani waliona kwamba pakikatika hapo, misitu ya kusini na ya kaskazini inakuwa visiwa viwili, na kila nilichokieleza kuhusu vipande kitaanza kutokea kwa kipimo kikubwa. Wakataka pawe ushoroba, yaani njia ya msitu ya kuunganisha pande hizo mbili.

Waliokuwa na iliki humo walikuwa wakulima zaidi ya elfu moja kutoka vijiji vitano. Fidia ilihesabiwa kwa mazao yaliyokuwa shambani na ikalipwa kwa awamu katika miaka ya 2000, na masikitiko kuhusu kiasi chake na kuhusu ardhi ya kulima badala yake hayakwisha upesi. Ninaunga mkono ushoroba ule kwa moyo wote. Na kwa moyo huohuo nasema haukulipiwa na wote wanaofaidika nao. Maji ya Sigi yanakwenda bwawa la Mabayani na kunywewa jijini Tanga. Mgonjwa wa hospitali ya Bombo, mwanafunzi wa Chumbageni, wote wanakunywa ukungu wa Amani. Aliyeambiwa aache iliki ni mtu wa kijiji cha juu, mwenye karo ya watoto inayotoka kwenye gunia lile.

Kisayansi, mantiki ya Derema ni imara. Mwaka 2017 Newmark na wenzake walichapisha hesabu ya misitu ya Tao la Mashariki pamoja na ile ya pwani ya Brazil, wakaonyesha kwamba kurudisha msitu katika mapengo machache yaliyochaguliwa vizuri, yale yanayotenga vipande vikubwa, kunaweza kupunguza sana kasi ya kutoweka kwa ndege. Deni la kutoweka, tofauti na mengine, linaweza kusamehewa kabla halijadaiwa lote. Ucheleweshaji unaotudanganya ndio huohuo unaotupa muda. Ndege wanaozeeka katika kipande bado wapo, na wakifunguliwa njia kesho wanaweza kupata wenza.

Ila muda wa msitu na muda wa mradi havilingani. Chukua msambu, mti wenye tunda zito kama kichwa cha mtoto, ambao wakazi hukusanya mbegu zake kwa ajili ya mafuta. Mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuota. Anayeibeba na kuifukia ni panya buku, si ndege. Mche ukipona, huchukua miaka kumi na zaidi kuzaa. Tena msambu una dume na jike, kila mmoja mti wake. Jike ndiye mwenye tunda. Mkulima anayesafisha shamba na kuacha misambu inayozaa, akikata ile isiyozaa apate nafasi, anafanya jambo la busara kwa macho yote. Jike ataendelea kusimama hapo miaka mingi, jani lake la kijani kibichi, kivuli chake kizuri juu ya iliki, na anayehesabu miti atamhesabu.